Wageni Wanakula Kupe Wetu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mto.

— Mto gani?

Mto wa mchanga. Maji hupita mwezi mmoja, miezi kumi na mmoja hayapo.

— Una kingo ngapi?

Mbili, kama mito yote.

— Ukingo wa huku wa nani?

Wetu.

— Na wa kule?

Waulizeni wa kule. Watasema wetu.

— Basi tuvushe!

Hapo kale, upande mmoja wa mto uliitwa Huku, na upande wa pili uliitwa Kule. Wakazi wa Kule nao walipaita kwao Huku, lakini hilo halikumnyima mtu usingizi.

Huku aliishi Ngiri. Ngiri alikuwa na meno yaliyopinda, shingo nene isiyogeuka, na mkia ambao, akikasirika tu, husimama, ti! Alikuwa na mke, Mama Chimbo, na watoto watatu. Alikuwa na shimo zuri lililotazama mto. Shimo hilo hakulichimba yeye. Lilichimbwa na Muhanga mmoja wa Kule aliyepita zamani, akachimba, akaenda zake. Lakini mtu akilala mahali miaka saba husahau nani alishika jembe.

Siku moja Ngiri alirudi kutoka kuchimbua mizizi, akamkuta mkewe amelala ubavu mbele ya shimo, macho ameyafumba, mdomo umelegea kwa raha. Juu yake alisimama mnyama mdogo mwenye mistari mgongoni na pua iliyochongoka. Anachokoa, anatafuna, anaimba:

*Tuku tuku, kupe toka,*
*nyuma ya sikio umejificha,*
*tuku tuku, nimekuona!*

Alikuwa Nguchiro.

"We!" Ngiri akanguruma. "Unafanya nini juu ya mke wangu?"

"Namtoa kupe, bwana shemeji," akajibu Nguchiro, kazi haikusimama. "Shikamoo."

"Shemeji wa nani? Umetoka wapi wewe?"

"Kule. Chatu amehamia kwenye vichuguu vyetu. Tulikuwa ishirini, nimebaki mimi. Nimevuka asubuhi, nikamkuta shemeji anajikuna kwenye kisiki mpaka damu inatoka. Nikasema, mimi nina njaa, yeye ana kupe, tusaidiane. Nawe lala hapo nikushughulikie. Naona kwapani una ukoo mzima."

Ngiri aliwashwa kweli. Kwapa lilimwasha, shingo ilimwasha, nyuma ya masikio kulimwasha. Lakini akasema, "Ngozi yangu haiguswi na mgeni!"

Mama Chimbo akafumbua jicho moja. "Baba Chimbo, punguza kelele. Tangu niolewe sijaonja usingizi wa mchana kama huu."

Tangu niolewe! Neno hilo likamwingia Ngiri kama mwiba wa mgunga. Mkia ukasimama, ti!

Siku ya pili Ngiri akarudi mapema. *Tuku tuku.* Siku ya tatu akarudi mapema zaidi. *Tuku tuku.* Siku ya nne hakwenda kabisa. Alijibanza nyuma ya kichaka, akamsikia Nguchiro akinong'ona kitu, na mkewe akicheka. Kilichosemwa hakukisikia. Angelisikia maneno, huenda angepumzika. Hakuyasikia, akayatunga mwenyewe, na aliyoyatunga yalikuwa mabaya kuliko yote yanayoweza kusemwa na Nguchiro.

Jioni akamwambia mkewe, "Mama Chimbo, lala. Leo nakutoa kupe mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani mimi sina meno?"

Mama Chimbo akalala. Ngiri akalenga nyuma ya sikio. Chwa!

"Yalaa! Unanitoa kupe au unanitoa roho?"

"Tulia, nimemwona." Chwa!

"Mama wee! Acha, Baba Chimbo, tafadhali. Jino la kuchimbua mizizi si jino la kupe. Mwachie Nguchiro kazi yake."

"Nguchiro, Nguchiro! Kila neno Nguchiro!"

"Nimemtaja mara moja."

"Mara moja, lakini umelitamka vizuri!"

Usiku kucha Ngiri aligeuza jambo hilo moja kichwani. Angemfukuza Nguchiro kwa meno yake, mkewe angesema ni wivu. Basi asimfukuze yeye. Nchi ndiyo imfukuze.

Kulipokucha akaenda kwenye baraza. Baraza lilikaa pale wanyama wanapolamba magadi, na Mwenyekiti wake alikuwa Kobe. Kobe alikuwa mtu wa utaratibu. Macho yake yaliona hatua moja tu mbele, naye aliiamini sana hiyo hatua moja.

"Ndugu wananchi!" akasema Ngiri. "Wageni wanavuka mto. Wageni wanakula kupe wetu!"

Mpaka siku ile hakuna aliyejua kwamba kupe ni wetu.

"Kupe wetu?" akauliza Kobe.

"Wetu, Mzee Mwenyekiti. Wamezaliwa Huku. Wamekunywa damu ya Huku. Leo wanaishia kwenye tumbo la Kule. Watoto wetu watabaki na nini?"

"Lakini wewe, Ngiri, kupe unawataka?"

"Si habari ya kuwataka, Mzee. Ni habari ya wenyewe!"

Walikuwapo Nyumbu wawili, waliokuwa wamevuka kutoka Kule wiki ileile wakifuata majani, kama wanavyovuka kila mwaka bila kumwomba mtu ruhusa. Neno hilo likawapendeza mno. Wakapiga kwato chini, pu! pu!

"Wenyewe! Wenyewe!"

Na wengine wote, wenye kupe masikioni, wenye kupe mapajani, wenye kupe puani, wakaitikia: "Wenyewe!"

Hapohapo likaundwa jeshi la sungusungu. Ngiri akawa Kamanda. Nyumbu wawili wakawa askari.

"Utaratibu," akasema Kobe. "Mgeni tutamjuaje? Nguchiro wa Huku ana mkia, na Nguchiro wa Kule ana mkia."

Ngiri alikuwa akilingoja swali hilo. Alikuwa amemchunguza Nguchiro siku zile zote, kama mtu anavyomchunguza yule anayemchukia, bila kupitwa na kitu. Alijua kuwa Nguchiro halali shimo moja mara mbili. Leo kichuguu hiki, kesho kile. Ndivyo walivyo nguchiro.

"Kwa nyayo, Mzee. Mwenyeji hutoka kwake asubuhi, hurudi kwake jioni. Nyayo za kutoka, nyayo za kurudi. Asiye na nyayo za kurudi kwake, hana kwake. Na asiye na kwake..."

"Ng'ambo!" wakapaza sauti Nyumbu.

"Na akijitetea?"

"Asisikilizwe. Nyayo hazina mdomo, kwa hiyo hazisemi uongo. Mdomo ndio mwongo."

Kobe akaitikia kwa kichwa, polepole, mara tatu. Sheria ikapita.

Kesho yake sungusungu wakatoka kumsaka mgeni. Hawakuhangaika. Kamanda alijua alipo, maana alikuwa mgongoni kwa mke wa Kamanda.

"Mkamateni!"

Kap! Nyumbu mmoja akamkanyaga mkia. Wakampeleka kichuguu cha kwanza.

"Miguu imeingia mara moja," akasoma Nyumbu wa kwanza. "Imetoka mara moja," akasoma Nyumbu wa pili. "Haikurudi!" wakasema pamoja.

Kichuguu cha pili: imeingia, imetoka, haikurudi. Cha tatu: imeingia, imetoka, haikurudi. Kobe akaja nyuma yao, kwata, kwata, akashusha pua kwenye kila alama, na kila mara akasema, "Kweli."

Mama Chimbo alifuata na watoto wake. Nguchiro alitazama ng'ambo. Mto ulikuwa pale, mchanga mweupe hatua mia, na ng'ambo ya mchanga vilionekana vichuguu vya Kule, navyo vyote vilikuwa na mwenyewe mmoja, mrefu, asiye na miguu.

Ngiri akamwona mkewe akimtazama mfungwa. Mkewe alikuwa akimhurumia. Kwa Ngiri, kuhurumia na kupenda ni kitu kimoja.

"Ng'ambo!" akaamuru.

"Mzee Mwenyekiti, shikamoo," akasema Nguchiro.

"Marahaba. Usijitetee."

"Sijitetei, Mzee. Sheria ni nzuri, nami navuka. Nina ombi moja tu. Sisi wa Kule tunaishi ovyo ovyo, nyayo za mwenyeji kamili sijawahi kuziona. Nionyesheni mlango mmoja tu. Nikifika, nikimkuta mtu anataka kuvuka, nimwambie: ndugu yangu, kaa, kule kuna watu wenye nyayo, hutawaweza."

Kobe akafikiri. "Ombi halina kosa. Mlango wa nani?"

"Wowote. Hata wa askari hawa."

Nyumbu wakatazamana. "Sisi," akasema mmoja, "sisi tuko kazini."

"Au wako, Mzee."

"Wangu ninatembea nao," akasema Kobe.

"Basi kama nchi nzima hakuna mlango," akasema Nguchiro kwa huzuni, huku akimgeukia Mama Chimbo, "shemeji, mimi nitawaambia tu kwamba..."

Shemeji! Mkia wa Ngiri ukasimama, ti!

"Mlango upo!" akafoka. "Wangu! Twendeni kwangu. Na wewe, Mama Chimbo, uje uone. Uone mwanamume mwenye kwake alivyo."

Wakaenda. Mbele ya shimo la Ngiri vumbi lilikuwa laini kama unga, mvua haikuwa imenyesha, upepo haukuwa umepita. Kila alama ilisomeka.

"Miguu midogo midogo, ya watoto," wakasoma Nyumbu. "Inatoka, inarudi."

"Wenyeji," akasema Kobe.

"Miguu ya wastani, ya mama. Inatoka, inarudi."

"Mwenyeji."

"Miguu mikubwa, mipana. Inatoka."

"Endeleeni."

"Inatoka."

"Endeleeni."

"Inatoka. Inatoka. Inatoka, Mzee."

"Na ya kurudi?"

Nyumbu wakainama, wakapuliza, wakazunguka, wakagongana vichwa. "Ya kurudi hakuna."

Ngiri akalitazama vumbi. Nani hufikiri jinsi anavyoingia kwake? Kila jioni watoto walitangulia kwa kichwa. Mama Chimbo alifuata kwa kichwa. Wa mwisho alikuwa Ngiri. Yeye aligeuka mlangoni, akatanguliza makalio, akaingia kinyumenyume, uso nje, meno nje. Baba yake aliingia hivyo, na babu yake aliingia hivyo. Mwanamume haupi mlango mgongo. Na tangu Nguchiro avuke mto, Ngiri aliingia hivyo kwa bidii zaidi, akaukodolea macho ulimwengu mpaka usingizi umwangushe. Mtu akirudi kinyumenyume, nyayo zake husema anaondoka. Jambo hilo Ngiri hakuwahi kuliwaza. Nguchiro, aliyekuwa akishinda pale mlangoni siku zote hizo, alikuwa ameliwaza.

"Naingia kinyumenyume!" akasema Ngiri.

"Mzee," akasema Nguchiro kwa upole, "naona huo ni mdomo."

"Nitawaonyesha!" Ngiri akageuka, akarudi nyuma, kwa, kwa, kwa, akajaa shimoni, zikabaki nje pua na meno tu. "Haya! Mmeona? Nimeingia!"

Kobe hakumtazama. Alitazama vumbi. Akashusha pua, akasoma alama mpya moja baada ya nyingine, kisha akainua kichwa.

"Ametoka tena," akasema.

"Nipo hapa!"

"Mdomo!" wakasema Nyumbu.

"Mimi ni Kamanda wenu, wapumbavu ninyi!"

"Mdomo tena!"

Kobe akainua mguu mmoja kutaka utulivu. "Tusimwonee mtu. Mama Chimbo, nyayo zako ni safi, na wewe hujitetei. Sema basi. Huyu mwenye miguu mikubwa, umepata kumwona akirudi nyumbani?"

Ngiri, pale shimoni, akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa nje, mbele yake, jua limempiga usoni. Lilitakiwa neno moja tu, ndiyo, na kila kitu kingekuwa chake tena: shimo, watoto, mke, nchi.

"Waambie, Mama Chimbo."

Mama Chimbo akamgeukia Kobe. Kisha akasema:

"Mzee Mwenyekiti, sitaki kusema uongo. Kila jioni mimi niko ndani na watoto. Nasikia kishindo, mlango unaziba, mwanga unakwisha. Ninachokiona ni makalio na mkia. Miaka saba. Mtu aingie, anitazame, nimwambie pole na kazi, anijibu nimeshapoa, na wewe pole na watoto, hilo sijaliona. Kama huko ndiko kurudi nyumbani, huyu bado hajarudi."

Mama mmoja wa kipundamilia aliyekuwa akipita akasema, "Eee, shoga," kisha akaendelea na njia yake.

"Ng'ambo!" wakapaza sauti Nyumbu.

Wakamvuta Ngiri kwa meno yake mwenyewe, wakamsukuma mchangani, pu! pu! Akavuka akinguruma, mkia umesimama kama mti wa bendera. Safari hii nyayo zake zilisomeka bila ubishi.

"Sasa zamu yako," wakamwambia Nguchiro.

"Niko tayari," akasema Nguchiro. "Ila nina swali la mjinga, Mzee. Sheria hii aliitunga nani?"

"Ngiri," akasema Kobe.

"Na Ngiri ni nani?"

"Mgeni."

"Tangu lini Huku tunatawaliwa kwa sheria ya mgeni?"

Nyumbu wakaruka kwa hasira. "Sheria ya kigeni! Ng'ambo! Sheria nayo ng'ambo!"

"Ngojeni," akasema Kobe. "Utaratibu. Sheria ikienda ng'ambo, Ngiri anakuwa mwenyeji. Ngiri akiwa mwenyeji, sheria yake ni ya mwenyeji, inarudi. Ikirudi, Ngiri anakuwa mgeni. Ngiri akiwa mgeni..." Akaingiza kichwa ndani ya gamba. Sauti ikatokea ndani: "Nitalifikiria. Mpaka nitakapomaliza, kila mtu abaki alipo."

Kila mtu akabaki alipo. Kobe anafikiri mpaka leo.

Nguchiro akarudi kazini. Wanyama wakaanza kujipanga kwake mmoja mmoja, kwa haya kidogo, wakidai wamepita tu kumjulia hali: mwenye kupe masikioni, mwenye kupe mapajani. Hata Nyumbu wakaja, wakalala chali, wakamwambia kwa ukali, "Hatujakuruhusu kukaa. Hapo. Hapo kulia. Aa, hapohapo."

Na Ngiri? Ngiri alipata shimo Kule, bovu, mlango umetazama mto. Chatu hakumsumbua, maana hamezeki. Kupe walimjaa. Alijikuna kwenye mawe, akajikuna kwenye visiki, na upepo ulipovuma kutoka Huku ulimletea *tuku tuku*, akaacha kujikuna ili asikie vizuri zaidi.

Jioni ya kwanza alisimama ukingoni akatazama kwake. Aliwaona watoto wakiingia kwa kichwa, mmoja, wawili, watatu. Sasa wa mwisho alikuwa Mama Chimbo. Ngiri akamwona akifika mlangoni, akisita, akigeuka. Akamwona akitanguliza mgongo, akirudi ndani polepole, uso nje, kama afanyavyo kila ngiri anayebaki wa mwisho.

Uso ukabaki mlangoni, unatazama mto. Jua lilikuwa bado halijazama, na mchanga ulikuwa mweupe, kwa hiyo Ngiri aliuona vizuri: paji la uso, masikio mawili, kile kidonda kidogo cha sikioni alichomtia yeye mwenyewe kwa jino. Ulikuwa uso mzuri. Alishangaa kwamba ulikuwa mzuri hivyo saa hizo. Akainua mguu mmoja kutaka kuita.

Kisha akajiuliza: anamtazama nani?

Akatazama kulia kwake, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Au anamngoja yule? Angalimwita, labda angalijibiwa. Hakumwita. Mkia ukasimama, ti! Na hivyo ndivyo alivyokaa, akilinda mlango kutoka ng'ambo ya mto, mpaka giza likauchukua uso wa mkewe.

Ngano yangu imefika ukingoni, mimi sivuki nayo. Atakaye kuivusha na aivushe, wala asiulizwe nyayo.

— Na funzo lake?

Funzo lake ni jepesi. Mwenye nyumba alinde mlango wake. Atazame nje, akodoe macho, wala asigeuke nyuma. Aliye ndani yupo tu. Ataenda wapi?